Zinakua, Zinakatika: Dhana Potofu Kuhusu Nywele za Kujikunja Mandera

Kati ya Februari na Machi joto la Mandera hupita nyuzi 35, na mwenye nywele nyingi hupewa shauri lilelile kila upande: nyoa upumzike. Nywele za kujikunja, husemwa, hufungia joto kichwani. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la PNAS lilichapisha jaribio lililoipindua hoja hiyo. Tina Lasisi, Nina Jablonski na wenzao walichukua sanamu ya ukubwa wa mtu yenye vipima joto mwilini, wakaiweka katika chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wakaiwashia taa zilizochukua nafasi ya jua. Waliivisha mawigi ya nywele za binadamu, moja ya singa, moja ya mawimbi na moja ya kipilipili, kisha wakaipima ikiwa na upara. Nywele za kila aina zilipunguza joto la jua lililofika kwenye ngozi ya kichwa. Zilizopunguza kuliko zote ni za kipilipili, na kichwa kilichovikwa hizo ndicho kilichohitaji jasho kidogo zaidi ili kisichemke.

Jaribio hilo halimkatazi mtu kunyoa. Linaonyesha tu jinsi dhana inavyoweza kuishi miaka na miaka bila mtu kuipima, na kuhusu nywele za kujikunja dhana za namna hiyo ni tele. Karibu zote zimezaliwa na mama mmoja: kuzihesabu nywele hizo kuwa kasoro. Zina joto, ni ngumu, hazirefuki, zinakunywa mafuta, hazikubali kitana, zitiwe dawa.

Mandera ni mahali pazuri pa kuzipima hoja hizi, maana humo zinakutana njia mbalimbali za utunzaji. Mji upo kwenye pembe ambapo Kenya, Ethiopia na Somalia zinagusana, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka Nairobi. Duka moja linaweza kuuza qasil ya unga, hina, subag (samli), mafuta ya habasoda, mafuta ya nyonyo na, kwenye rafu hiyohiyo, kisanduku cha dawa ya kulainisha nywele kutoka kiwandani. Ukiyachunguza yote hayo utagundua jambo la ajabu kidogo. Bibi wa Mandera mara nyingi anatenda lililo sahihi na kutoa sababu isiyo sahihi. Tangazo la kiwandani lina maneno ya kitaalamu, lakini tendo linalouzwa nalo ndilo lenye madhara.

Unywele hujikunja kwa sababu ya kishimo unamoota. Kishimo kilichonyooka hutoa unywele ulionyooka. Kilichopinda chini ya ngozi hutoa unywele uliopinda, na ukiukata na kuutazama kwa hadubini utaona umebonyea pande mbili badala ya kuwa duara kamili. Hakuna mafuta wala chanuo linaloweza kubadilisha umbo la kishimo. Ngozi ya kichwa nayo hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye nywele za singa huteleza hadi nchani, lakini kwenye unywele wenye kona nyingi hukwama karibu na shina. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na ngozi ya kichwa inayong'aa mafuta na ncha kavu kama majani ya kiangazi. Kila kona, vilevile, ni mahali dhaifu ambapo unywele unaweza kukatika. Ukavu wa ncha na udhaifu wa kona: mengi yanayofuata yanatoka hapo.

Siku hizi wasichana wenye simu huulizana wao ni 3C au 4A. Mpangilio huo wa mikunjo ulianzia kwa Andre Walker, msusi wa mtangazaji Oprah Winfrey wa Marekani, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1997. Una faida zake, lakini umeleta dhana kwamba ukishajua namba umejua matunzo. Namba inataja mkunjo tu. Haisemi kama nyuzi ni nene au nyembamba, kama zinanyonya maji haraka au zinayakataa, wala kama zimewahi kuunguzwa na pasi. Ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja Elwak, mji mwingine wa kaunti ya Mandera, wanaweza kuwa na mikunjo tofauti kabisa, na wenye mkunjo mmoja wakahitaji mambo tofauti.

Kaskazini mashariki, hata hivyo, kupanga watu kwa nywele kuna historia chungu kuliko ya Walker. Katika jamii za Kisomali neno jareer, linalotaja nywele ngumu, limetumika kuwatenga watu wenye asili ya Kibantu wa mabonde ya mito Juba na Shabelle. Wengi wao ni wazao wa watu waliouzwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Baadhi yao waliendelea kuzungumza Kizigua, lugha ya Handeni, kizazi baada ya kizazi. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, maelfu walikimbilia kambi za Dadaab katika Garissa, na ubaguzi ukawafuata humo. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea takribani 12,000, na mwaka 2002 wakahamishiwa kambi ya Kakuma kusubiri safari. Mtoto anayeambiwa leo kwamba nywele zake ni ngumu anarithi kipande cha historia hiyo, hata kama msemaji alikuwa akilalamikia kitana tu. Na mwenye mawimbi makubwa, yule anayesifiwa kwa nywele laini, naye anadhurika kwa namna yake: huambiwa hana haja ya matunzo, akazisugua kwa sabuni ya kufulia na kuzichana zikiwa kavu, kisha akashangaa zinakoishia.

Sasa kwenye dhana iliyo kubwa kuliko zote: kwamba nywele za kipilipili hazikui.

Mwaka 2001 Geneviève Loussouarn, mtafiti wa Ufaransa, alichapisha vipimo vya vijana wenye asili ya Afrika ya Kati na Magharibi. Nywele zao zilikua kwa wastani wa milimita 0.26 kwa siku, ilhali za Wazungu aliolinganisha nao zilikaribia milimita 0.4. Kwa hiyo zinakua polepole zaidi, hilo ni kweli. Lakini piga hesabu: milimita 0.26 kwa siku ni sentimita tisa na nusu kwa mwaka. Msichana ambaye hajakata nywele kwa miaka mitatu angepaswa kuwa na sentimita 28, urefu wa kufika begani. Kama zimesimama shingoni, urefu uliobaki umekwenda wapi?

Umekatika. Mwaka 2000 Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi kutoka Afrika Kusini, na wenzake walizichunguza nywele za Waafrika kwa hadubini, nywele ambazo hazikuwa zimetiwa dawa. Waliona mafundo mengi na ncha zilizovunjika. Ncha za asili, zile unywele unazoota nazo, zilikuwa chache mno. Unywele ulikuwa unaota shinani na kupungua nchani kwa karibu mwendo uleule. Ongeza jambo la tatu, yaani kunywea: nywele za kipilipili zikikauka zinaweza kuonekana nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Mtu anazitazama kwenye kioo, anaziona zilezile za mwaka jana, anahukumu kwamba kichwa chake hakioteshi.

Tofauti hii kati ya kukua na kubaki ndiyo inayotenga dawa za kweli na za uongo. Chebe ya Chad, unga ambao umepata umaarufu mkubwa mitandaoni, huvikwa nyuzi pamoja na mafuta na kuachwa. Kazi yake ni kuzikinga zisisuguane. Haigusi shina. Subag ya wafugaji wa Mandera imefanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu bila kutangazwa. Maji ya kitunguu yana kisa kingine. Watu huyapaka wakiamini yanaotesha nywele, tena kitunguu ni zao linalolimwa kando ya mto Daua unaopita Mandera. Utafiti unaotajwa sana ulifanywa Baghdad na kuchapishwa mwaka 2002, kwa wagonjwa 23 waliopakwa kitunguu. Wengi waliota nywele, ila walikuwa wagonjwa wa aina moja ya upara wa mabaka ya mviringo, na mabaka hayo mara nyingi hupona yenyewe. Kuuchukua ushahidi huo na kumpa mtu ambaye nywele zake zinakatika kwa pasi ni kuvusha dawa mto usio wake.

Mafuta yanastahili tutulie nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayopendwa kuliko vyote. Dhana ni kwamba mafuta hulisha nywele. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai wala mdomo. Kinacholishwa ni mzizi, na mzizi hulishwa na damu. Mafuta yana kazi mbili za nje, kupunguza msuguano na kuchelewesha maji yasitoke. Kwa hiyo yakipakwa juu ya nywele zilizokauka kwa upepo wa Mandera yanafunga ukavu ndani. Utaratibu unaofaa ni maji kwanza, mafuta baadaye, na akina mama wanaonyunyizia maji ya kikombe kabla ya kupaka subag wanaufuata utaratibu huo bila kuufikiria.

Tena mafuta hayafanani. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea nywele zinapooshwa, kwa sababu asidi yake kuu ina umbo dogo linaloweza kupenya ndani ya unywele. Mengine hukaa juu. Kukaa juu si kosa, mradi mtu ajue analonunua. Mafuta ya nyonyo, yanayouzwa kwa ahadi ya kuotesha nywele na nyusi, hayana ushahidi mzuri wa kuotesha chochote, na uzito wake hukamata kila chembe ya vumbi. Katika mji wa Mandera wenye vumbi hilo ni jambo la kufikiriwa.

Kisha kuna mba. Karibu kila nyumba huamini mba ni ukavu, basi dawa yake ni mafuta zaidi. Mba kwa kawaida huhusiana na kuvu aitwaye Malasezia, anayeishi kwenye ngozi za watu wengi na ambaye chakula chake ni mafuta. Mama anayemkandika mwanawe subag kwenye ngozi ya kichwa yenye mba anamwandalia kuvu karamu. Mafuta yapakwe kwenye nyuzi na nchani. Ngozi ya kichwa yenye mba yahitaji kuoshwa, na kama haiponi, ipewe shampuu ya dawa.

Hapo unaibuka ubishi mwingine, kwamba kuosha hukausha nywele. Katika kaunti ambayo mvua ya mwaka huzunguka milimita 250 tu, na ambapo Daua wenyewe hukauka misimu mibaya, dhana hii ina urahisi wake: inaokoa maji. Ina chembe ya ukweli pia, ila mkosaji ni sabuni. Sabuni ya kipande ni ya alkali, na alkali hufungua magamba madogo yanayoufunika unywele, ukawa wa kukwaruza na mwepesi wa kushikana mafundo. Maji ya Mandera huongeza tatizo. Sehemu kubwa ya kaunti imekalia miamba ya kale ya chokaa, na Elwak inajulikana kwa jasi. Maji ya visima vinavyopita kwenye miamba ya namna hiyo hubeba kalisi. Kalisi ikikutana na sabuni ya kipande hutengeneza utando mweupe usioyeyuka, uleule unaoganda kwenye beseni. Utando huo hubaki kwenye nywele, zikawa nzito, butu, ngumu kuchana, na mwenyewe akasema: mnaona, maji yamezikausha.

Ndipo qasil inapopata heshima yake. Ni unga wa majani makavu ya mkunazi, mti ambao watu wa pwani wanaujua vizuri kwa kuwa majani yake hutumika kuoshea maiti. Majani hayo yana saponini, vitu vinavyotoa povu na kuondoa mafuta bila kuwa sabuni. Kwa kuwa si sabuni, haviungani na kalisi kutengeneza ule utando. Mabibi wa Mandera walipata kioshea nywele kinachofaa maji yao magumu muda mrefu kabla ya mtu kuyapima maji hayo. Sababu wanayoitoa, kwamba qasil hurefusha nywele, haina ushahidi. Inachofanya ni kuosha bila kuharibu sana, nazo nywele zisizoharibiwa hubaki. Kasoro yake ni chenga. Unga usiochekechwa vizuri hunasa kwenye mikunjo, na kuutoa kwa kitana ni kuzikata nywele kwa mikono yako mwenyewe.

Wanawake wengine hukwepa kusuka kwa hofu ya josho: wanaamini ni lazima wafumue misuko kila mara wanapokoga janaba. Hadithi mashuhuri ya Ummu Salama, mke wa Mtume Muhammad, iliyomo katika Sahihi Muslim, inajibu swali hilohilo. Alieleza kwamba anasuka nywele zake kwa kukaza, akajibiwa na Mtume kuwa yatosha kumwagia kichwa maji mara tatu. Kuhusu hedhi wanazuoni wametofautiana, na kwa hilo mtu amuulize shekhe wake. Ila kufumua na kusuka upya mara mbili kwa juma, kwa sababu ya hofu isiyo na msingi, ni adhabu kwa nywele za kipilipili.

Hina ipitiwe haraka. Rangi yake hushikamana na protini ya unywele na kutoa wekundu unaoonekana kwenye ndevu za wazee kuanzia Garissa hadi Mandera. Haikuzi nywele, na ikirudiwarudiwa huzikaza na kuzikausha. Hatari ipo kwenye ile inayouzwa kama hina nyeusi. Hina halisi haitoi weusi. Weusi huo, ambao pwani huitwa piko, hutokana na kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD, inayoweza kuleta malengelenge na uvimbe wa uso, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote. Madaktari wa Sudan wameandika kwa miaka mingi kuhusu watu waliosumishwa na PPD.

Kusuka kunasifiwa kuwa kinga, na ni kinga kweli: matuta na nywele za uzi huzipumzisha nyuzi zisichanwe kila siku. Mandera ina bahati moja zaidi. Hadithi zinazokataza kuunganisha nywele zimewafanya wanawake wengi wasitegemee rasta za bandia na uzito wake, na kwa hiyo vuguvugu la nywele asilia lililovuma Nairobi katika muongo uliopita halikuwaambia jipya kubwa. Lakini dhana kwamba msuko wa kukaza huvuta nywele zikarefuka ni ya hatari. Kinachovutwa ni mzizi. Khumalo na wenzake walipowapima watu wazima Cape Town, katika matokeo ya mwaka 2007, karibu theluthi moja ya wanawake walikuwa na upara wa kuvutwa, ule unaoanzia kingo za mbele na pembeni mwa masikio. Ukianza, nywele huweza kuota tena, mradi mvuto ukome mapema. Ukiendelea miaka, ngozi hufanya kovu na kishimo kufa. Msuko unaomlaza msichana na dawa ya maumivu, au unaomtoa vipele kwenye paji la uso, umekazwa kupita kiasi, hata kama umependeza namna gani.

Hijabu nayo husingiziwa. Watu husema nywele zilizofunikwa hazipumui, ndiyo maana zinanyonyoka. Nywele hazina mapafu. Mizizi hupata hewa yake kwa damu. Kitambaa juu ya kichwa cha Mandera kinazikinga nywele na jua na vumbi. Madhara hutokea chini yake, kwenye fundo linalofungwa kila asubuhi mahali palepale kwa mpira mkali, kwenye kofia ya ndani inayobana kingo, au kwenye nywele zilizofungwa mbichi na kubaki na unyevu hadi jioni. Pamba kavu hunyonya mafuta na kusugua. Kitambaa laini cha satini ndani yake hupunguza msuguano huo. Fundo lihamishwe, leo juu, kesho chini. Gharama yake ni sifuri.

Kuhusu dawa ya kulainisha, ile wasusi wanayoiita rilaksa, upotofu mkubwa ni kwamba iliyoandikwa haina magadi makali ni salama, na ile yenye picha ya mtoto kwenye kisanduku ni salama zaidi. Zote hufanya kazi kwa alkali kali inayovunja kabisa vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Kilichovunjwa hakirudi; kinasubiri kuota upya. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11, ambapo 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Kwa wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, uwezekano wa kuipata kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia, ulikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na hata asilimia nne ni wachache. Lakini msusi anayemwambia mama wa binti wa miaka sita kwamba haina neno anasema zaidi ya anavyojua.

Kunyoa kunaaminiwa kuzifanya nywele ziote nene na laini. Mtoto wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba, na uzito wa nywele zake hutolewa sadaka ya fedha. Hiyo ni ibada, haihitaji faida nyingine. Ni baadaye, mama anaponyoa mara ya pili na ya tatu akitafuta nywele nzuri, ndipo dhana inapoingia. Mildred Trotter wa Marekani alilipima jambo hili mwaka 1928 kwa ndevu za wanaume na kukuta kunyoa hakubadili unene wala kasi ya kuota. Wembe hukata juu, kishimo kipo chini. Nywele za mtoto hubadilika kwa sababu mtoto anakua.

Wakati mwingine nywele hubadilika kwa sababu zilizo ndani ya mwili, na hapo ndipo makosa ya kuzielewa yanapogharimu zaidi. Mwanamke aliyejifungua huona nywele zikitoka kwa mafungu miezi miwili hadi minne baadaye, mara nyingi arobaini imekwisha na watu wameanza kumtembelea na kumsifu. Husemwa ni jicho. Wakati wa ujauzito homoni huzishikilia nywele ambazo zilikuwa zianguke. Homoni zikishuka, nywele hizo huanguka pamoja, na nyingi hurudi ndani ya mwaka. Zisiporudi, daktari hupima damu na madini ya chuma. Chai inayonywewa pamoja na chakula, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Mandera, hupunguza chuma ambacho mwili unapata kwenye nafaka na maharage.

Kwa mtoto mdogo hatari ni ya kinyume, maana dalili yake inaweza kusifiwa. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana ilipokuwa bado Gold Coast, aliueleza ugonjwa wa kwashakoo katika miaka ya 1930. Miongoni mwa alama zake ni nywele nyeusi za kipilipili kugeuka kuwa nyekundu au za kahawia, nyembamba, laini na zilizonyooka, zinazong'oka kwa kuvutwa kidogo bila mtoto kulia. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana kaskazini mwa Kenya, mifugo ikafa na maziwa yakakauka. Katika nchi ambako nywele laini huhesabiwa kuwa uzuri, ni rahisi jirani kumtazama mtoto wa namna hiyo na kusema amepata nywele za kupendeza. Akitibiwa, nywele zinazoota baadaye hurudi na weusi na mikunjo yake.

Kumtambua hakuhitaji mashine. Mhudumu wa afya ya jamii hubonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, na shimo likibaki, huo ni uvimbe wa utapiamlo. Kisha humzungushia mkanda wa rangi katikati ya mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5, au uvimbe huo wa miguu hata kama mkono umenenepa, humpeleka moja kwa moja kwenye matibabu ya utapiamlo mkali.